Kijiji cha Nyange Hakipo

Riziki mwanangu,

Nimekusalimu asubuhi, nimekusalimu adhuhuri, na sasa baada ya alasiri nakusalimu tena kwa kalamu, maana mdomo umenishinda. Umekwenda kuwaaga wenzako kule kwa wauza chumvi, nami nimekaa barazani na karatasi nne nilizozitunza tangu kabla ya vita. Kesho alfajiri unaondoka na akina mama wa msafara wa Kabambare. Nataka niwe nimemaliza kabla jua halijatua, nikupe mkononi, nikae mbele yako usome. Nilifikiri kuificha barua ndani ya mzigo wako uikute kambi ya tatu, halafu nikajionea haya. Mtu mzima nimejificha vya kutosha.

Neno kubwa naliweka mwanzo, nisije nikaingiwa na woga katikati ya njia. Kile kijiji unachokwenda kukitafuta hakipo. Kwa Nyange hakuko ng'ambo ya Kabambare, wala nyuma ya Wamaza, wala popote pale ambapo miguu ya binadamu inafika. Nilikitunga mimi. Ule mti wa nyange weupe, zile nyumba ambazo milango yake yote inatazama mto, yule mama anayeacha tonge moja chunguni kila jioni kwa ajili ya binti aliyekwenda kuteka maji, vyote vilitoka katika kichwa hiki chenye mvi.

Najua utakalosema. Utasema umeuliza watu, na watu wamekuambia wanakijua. Yule mchuuzi wa mafuta wa Wamaza alikuambia, "Kwa Nyange? Iko mbele kidogo, nilisikia tangu nikiwa mutoto." Alisema kweli, mwanangu. Alisikia akiwa mtoto, kwa sababu mimi nilikiandika, na wanafunzi wangu wakakinakili, na vijitabu vikatembea kwa migongo ya wapagazi mpaka Kabambare na mbele yake. Leo ukiuliza njia ya Kwa Nyange, kila mtu wa rika lako atakuonyesha kwa kidole, na kila mtu atakuonyesha upande tofauti, kwa moyo safi kabisa. Utatembea mpaka uzeeke. Ndiyo maana siwezi kukuacha uondoke hivi.

Sikuandikii habari za kamba, chumvi na dawa ya miguu. Akina mama wa msafara wanayajua hayo kuliko mimi, na wewe ukikaa nao siku mbili utayajua. Nakuandikia yale niliyoyafanya.

Watu wa Kasongo wananiita Mwalimu wa Watoto. Wengine walisema kwa heshima, wengine kwa kunikebehi, maana wanavyuoni wa hapa walikuwa wakitunga kasida za watu wazima, za mauti na kiama, na mimi nilikuwa nikitunga habari ya kuku aliyekwenda Hija. Unaikumbuka. Kuku anafunga kibwebwe, anaaga majirani, anafika ukingoni mwa Lualaba anakuta hakuna mtumbwi, anakaa kutaga mayai akisubiri, na mwisho anarudi na vifaranga kumi anawaita mahujaji. Watoto walicheka mpaka wakaanguka kwenye mikeka. Imamu mmoja aliniambia nitaulizwa kaburini habari ya yule kuku. Nikamjibu kwamba nikiulizwa hayo tu nitakuwa nimepona. Wakati ule nilikuwa mtu wa maneno mengi.

Sikuzaliwa mwalimu. Sijui nilizaliwa nani. Nilichukuliwa nikiwa mdogo, upande wa chini wa mto, na tajiri mmoja aliyekuwa akitafuta pembe za ndovu akakuta watoto. Ninachokumbuka ni harufu ya moshi na mkono wa mtu ulionishika kifundo cha mguu. Nikaletwa Kasongo, nikapewa kanzu, nikaingizwa chuoni. Mwalimu wangu alitoka pwani, alikuwa mpole, hakunipiga hata mara moja. Siku ya kwanza akaniuliza jina, nikalitaja, akaliandika kwa wino wa masizi juu ya ubao. Kisha akauosha ubao kwa maji ndani ya bakuli, akanipa bakuli ninywe. Kama mgonjwa anavyonyweshwa kombe, yale maji ya aya zilizooshwa. Nilipomaliza akaandika Hamisi, akasema, "Huyu ndiye wewe." Nikaacha kulia siku ile ile, au walisema niliacha. Sasa nikijikuna kichwa nitafute lile la kwanza sipati hata herufi moja.

Ukitaka kunielewa, shika hapo. Mimi niliamini nimetibiwa. Nilikula, nilivaa, nilisoma, niliitwa mwungwana, nikaona watoto wenzangu waliokataa kusahau wakidhoofika na kufa huku wanawaita mama zao. Basi nilipokuwa mwalimu na mimi, nikairudia ile dawa kwa mikono yangu miwili, nikiona huruma. Mwovu angechoka mapema, Riziki. Mimi sikuchoka, maana nilikuwa naona huruma.

Wakuu wa misafara walikuja hapa mlangoni na watoto. "Mwalimu, huyu mutoto analia tangu Kabambare, hakuli, hanywi. Umupatie ile dawa yako." Nami naleta ubao. Naandika jina, naosha, nanywesha, naandika jipya. Na kwa kuwa nilikuwa mtunzi, nikaona dawa haina utamu, nikaitungia wimbo. Uliuimba miaka yote ya utoto wako ukiruka kamba:

Jina la zamani nimelinywa lote,
Nimepewa jipya, niitwe na wote.

Huo ndio utunzi wangu ulioenea kuliko wote. Kuku wa Hija hakuufikia. Walikuwa wanaufundisha njiani kabla hawajafika kwangu, mnyapara mbele, watoto nyuma, ili wasilie. Mtu mmoja alirudi kutoka Kabambare akanisifu, akasema, "Mwalimu, wimbo wako iko na nguvu kupita fimbo." Nilifurahi. Nilirudi ndani nikamwambia mke wangu Bi Mwajuma maneno hayo, nikatarajia acheke. Alikuwa anapeta mchele. Aliendelea kupeta.

Wewe ulikuja mwisho wa masika, na watoto wengine wawili ambao hawakumaliza mwezi. Ulikuwa na miaka mitano, labda sita. Hukuwa unalia. Ulikuwa umeshika sikio lako la kushoto, ukalishika siku tatu. Nilikuuliza jina ukalitaja kwa sauti ya wazi kama mtu aliyeitwa shaurini. Nikaliandika. Kijiji sikuuliza, dawa yangu haikuhitaji kijiji. Uliponyweshwa ulikunja uso kwa uchungu wa masizi, ukanitazama, ukasema neno moja kwa lugha yenu ambalo sikulielewa. Bi Mwajuma alikuwa nyuma yangu. Yeye alilielewa, kwa sababu naye aliletwa kutoka upande huo huo wa Wabangubangu, ila mkubwa kidogo, dawa haikumwingia yote. Nilimuuliza umesema nini, akaniambia, "Anaomba maji mengine, ya kunywa kweli."

Hatukuwa na mtoto. Watoto wetu wawili walikufa kabla ya kupewa majina. Tajiri aliyekuleta wewe alikuwa anakupeleka nyumbani kwake, mimi nikamwomba aniachie kwa malipo ya kufundisha wanawe, naye akakubali bila kufikiri sana. Ukawa wetu. Nikakuita Riziki, na sikukuita hivyo kwa mzaha. Nilikupenda tangu ile siku uliyoketi ukingoni mwa mkeka wangu ukachovya kidole kwenye wino na kuchora kuku mwenye kilemba. Hilo sitalifuta, hata ukinichukia. Nilikupenda, na kila nilichokufanyia baada ya hapo nilikifanya kwa sababu hiyo, na hakikuwa chema.

Ulipofika kama miaka sita ukaniuliza swali. Ilikuwa mvua, tumekaa hapa barazani, wewe unasuka kamba ya rafia ya kushonea vijitabu. "Baba, kule kwetu iko namna gani?" Nami, mtu wa hadithi, nikaanza. Nikasema kuna kijiji kinaitwa Kwa Nyange. Nikapanda mti, nikaweka ndege, nikageuza milango itazame mto. Nikasema palikuwa na msichana aliyekwenda kuteka maji, akainama, akaona ndani ya maji uso wake mwenyewe ukimwita, akaufuata, akatokea mji mwingine ambako walimpenda sana. Nyumbani kwao hawakukasirika. Kila jioni mama yake anaacha tonge moja chunguni na kusema, "Anakuja, njia ni ndefu tu." Ukalala mapajani pangu kabla sijamaliza. Kesho yake ukaniomba tena, na kesho kutwa, nikaona heri niiandike.

Hadithi ile ilinipa jina kubwa. Watu waliokuwa wakinicheka walileta karatasi zao wenyewe niwanakilie. Wanawake wa nyumba kubwa, zile zenye milango ya kuchongwa, walituma watumwa wao kuja kusikiliza ili wakawahadithie. Sikujiuliza kwa nini watumwa wazima walikuwa wakisikiliza hadithi ya watoto huku machozi yanawatoka. Nilidhani ni ufundi wangu.

Nikwambie kitu nilichojifunza kwa gharama, na sikwambii kama wahubiri wanavyosema, kwa sababu siko juu ya mimbari yoyote. Mtoto hana mahali pa kuweka uongo mbali na ukweli. Anaweka vyote kwenye kikapu kimoja. Mkubwa ukimpa hadithi anaipima, anaitupa, anaichukua nusu. Mtoto anahamia ndani yake na mizigo yake yote. Mimi nililijua hilo. Ndiyo ilikuwa kazi yangu kulijua, na nililitumia.

Nimesema ulipouliza swali lile nilianza hadithi. Sikukuambia kwa nini uliuliza siku ile. Nimezunguka karatasi mbili nzima kuikwepa habari hiyo, na kivuli cha paa kimeshafika kwenye ngazi. Basi.

Siku mbili kabla ya mvua ile alikuja mwanamke. Ilikuwa asubuhi, chuo kimejaa, mnasoma kwa sauti, kila mmoja na ubao wake. Bi Mwajuma akaja akanigusa bega. "Mama mumoja iko inje. Anaita mutoto wake." Nikatoka mpaka kizingitini. Alikuwa mwembamba, miguu imepasuka kwa safari, ana mbuzi mmoja kwa kamba, na kibuyu cha mafuta kichwani. Alikuja kukomboa. Alikuwa ametembea mwenyewe mpaka katikati ya Kasongo, kwenye mji ambao mtu yeyote angeweza kumshika na kumfunga kamba pamoja na mbuzi wake, kwa sababu mtu fulani njiani alimwambia kwamba watoto wadogo wanapelekwa kwanza kwa Mwalimu.

Na hakuwa peke yake. Alikuwa amemshika mkono mtoto wa kike.

Riziki, mtoto yule alikuwa wewe. Sijui niliseme vipi. Paji lako, kidevu chako, lile jino lililopanda. Amesimama na mguu mmoja juu ya mwingine kama unavyosimama wewe ukichoka. Niligeuka nikatazama ndani kuona kama umetoka bila mimi kujua, nikakuona umekaa mahali pako, ubao mapajani. Nikatazama nje, ukawa nje. Mwanamke akaona nilivyogeuka. Alielewa pale pale, kwa shingo yangu, kwamba uko ndani. Akaacha kusema na mimi. Akainua sauti akaita jina, lile nililoliosha. Kabange.

Nawe uliinua kichwa.

Mwaka mzima wa dawa, na wimbo, na kanzu mpya, na uliinua kichwa mara moja. Ukaweka ubao chini. Ulikuwa umeanza kusimama, goti moja liko bado mkekani. Kwenye mkeka wako ulikuwa hatua saba kutoka mlangoni, na ningenyamaza tu, ningekaa kimya kama watu wengine wanavyokaa kimya wasipojua la kusema, ungefika. Mimi nikapiga makofi. Nikawageukia watoto nikasema, "Wimbo. Wote. Kwa sauti." Wakaimba, arobaini na kitu, jina la zamani nimelinywa lote. Yule mama anaita, wao wanaimba. Anaita, wanaimba. Nikawaambia kwa nguvu zaidi. Nawe ukasimama pale katikati, goti limeinuka, ukatazama mlangoni, ukatazama wenzako, ukanitazama mimi. Ukakaa chini. Ukaimba nao. Mwishoni ulikuwa unaimba kuliko wote.

Nikarudi kizingitini nikamwambia mtoto wake hayupo. Nilimwambia kwa Kiswahili, naye hakujua Kiswahili, na alielewa. Yule mtoto wa pili hakulia. Alishika sikio lake la kulia.

Walikaa chini ya ukuta wa jirani mpaka adhuhuri. Bi Mwajuma alitoka kuwapa maji, akakaa nao muda, akarudi jikoni. Baadaye hawakuwapo.

Siku mbili zile ulikuwa unaniuliza habari moja tu. "Baba, yule mutoto wa mulangoni ni nani? Mbona iko na uso wangu?" Nikasema ni wachuuzi. Ukauliza tena. Nikasema uliota. Mvua ikaja, ukauliza kwa njia nyingine, kwetu iko namna gani, na hapo nikapata nafasi. Ile sehemu ya msichana anayeona uso wake ndani ya maji ukimwita, ambayo watoto wanaipenda kuliko zote, ambayo umewasomea wadogo wa jirani mara mia, niliiweka kwa kusudi. Nilihitaji mahali pa kuutia ule uso. Baada ya mwezi nikakujaribu. Nikakuuliza, "Unamkumbuka yule mtoto wa mlangoni?" Ukacheka ukasema, "Si wa mulangoni, baba. Wa ndani ya maji." Nikajua nimemaliza kazi. Sijawahi kuandika kitu kizuri zaidi ya kile, na hakuna kitu ninachokionea haya zaidi.

Utauliza kwa nini. Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta jibu lenye sura nzuri. Nilijiambia kwamba ningekutoa wewe, kesho wangekuja mama wengine, na matajiri wangenifukuza mjini. Ni kweli, wangenifukuza. Nilijiambia kule kwenu ungekamatwa tena, pamoja na yule mwenzako, mkauzwa mbali. Huenda. Lakini yote hayo niliyafikiri baadaye. Pale mlangoni sikufikiri. Niliona mtoto wangu anainuka kwenda, nikamzuia kwa kitu kilichokuwa karibu na mkono wangu, na kitu hicho kilikuwa wimbo wa watoto.

Kisha vita ikaja, Wazungu na askari wao wakaingia Kasongo, nyumba kubwa zikaungua pamoja na milango yake. Vijitabu vyangu nilivikuta kwa askari wakisokotea tumbaku. Nilimwona mmoja anavuta ukurasa wa kuku, nikaona ni haki. Njaa, halafu ndui. Bi Mwajuma alipolala kitandani na mwili wote umeumuka alikufukuza wewe usimkaribie, akaniita mimi. Akasema, "Mi nilinyamaza kwa ajili yako. Sasa naenda. Siwezi kwenda na mutoto wa mutu ndani ya kinywa." Akaniambia aliyoambiwa na yule mama chini ya ukuta.

Naandika kama alivyosema, sikuongeza nyange wala mti. Kwenu ni ng'ambo ya Luama, unapotoka Kabambare ukishika mkono wa kusini, siku moja na nusu ya mwendo wa mtu mwenye mzigo. Mto unapinda mara mbili karibu karibu. Kuna jabali jeusi watu wanaloanikia mihogo. Mama yako alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Baba yako alikufa siku uliyochukuliwa. Mlizaliwa wawili siku moja. Wa kwanza kwa desturi yenu anaitwa Kiungu, na anayemfuata ni Kabange. Walikuwa wakiwalaza kila mmoja ameshika sikio la mwenzake. Mwajuma alikufa usiku huo, na mimi nikayabeba maneno hayo miaka miwili, nikila nawe sahani moja. Umekataa posa mbili mbele yangu, ukasema hutaolewa mpaka ujue kwenu, na nilikuunga mkono kwa upole kama baba mwema. Hata hapo sikusema.

Ningependa kukupa tumaini ukienda, sina. Nimewauliza watu wanaotoka huko, bila kuwaambia sababu. Msafara wa askari ulipita ukingo ule, na baada yao ndui. Mmoja aliniambia vijiji viwili vimebaki majivu na mahame, mwingine akasema watu wamekimbilia msituni kwa Wazimba. Mama yako alikuwa amechoka hata wakati ule, alikuwa anakohoa. Sidhani yuko hai. Kama yuko hai, anakumbuka uso wangu. Kiungu sijui. Kama yuko, ana miaka yako, ana uso wako, na alikuona ukiimba.

Hilo la mwisho ndilo linaloniamsha. Wewe niliweza kukufutia. Yeye hakuna aliyempa hadithi. Amekua na ile asubuhi kama ilivyokuwa: dada yake alisimama, akamwona, akakaa chini akaimba. Ukimkuta atakuwa na neno la kukuuliza, na utahitaji jibu, nami ndiye niliye na jibu. Mwambie ulikuwa na miaka sita. Mwambie uliinua kichwa mara ya kwanza tu ulipoitwa. Mwambie aliyepiga makofi ni mimi. Usinitetee hata kwa neno moja, hata ukisikia moyo unakutuma.

Nakusikia unakuja, unacheka na wenzako pale kwenye kona, wanakuimbia. Ni wimbo ule ule. Hawajui, na wewe bado hujui, dakika chache zaidi.

Huko mbele ukiulizwa, usiseme wewe ni binti wa Mwalimu wa Kasongo. Jina langu huko halifungui mlango. Usiulize Kwa Nyange. Na mtu asipokuelewa Kiswahili, usimtafutie mkalimani, maneno ni machache, nimekufundisha kuandika, sasa haya uyajifunze kwa mdomo. Jipige kifua useme Kabange. Kisha onyesha uso wako wote, uvue mtandio, waone vizuri, useme Kiungu, na usubiri.

Aliyekulea,
Hamisi, ambaye hilo nalo si jina lake